Shajara ya mradi: pesa ya LUKU inaishia wapi? Mabatini na Igogo, Mwanza

8 Februari 2025: tunaanza

Mradi ni mdogo na hauna mfadhili. Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa huku Mabatini, na kila kikao hata tukianza na hisa tunaishia kwenye LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, "juzi nimeweka ya elfu kumi leo imekata", kila mtu ana lake, mmoja anasema mita inakimbia, mwingine anasema jirani anamwibia, mwingine anakwambia ni hizi chaja za simu. Basi tukakubaliana itolewe laki mbili na nusu kwenye mfuko wa jamii, tununue vifaa, tupite kwenye nyumba za wanachama na majirani watakaotaka, tupime tuone umeme unaenda wapi hasa. Naandika humu ili mtaa mwingine ukitaka kufanya usianze sifuri.

Tuna fundi umeme mmoja kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA, yeye ndo anafungua soketi, sisi wengine kazi yetu ni kuuliza, kuandika na kupiga hesabu. Sheria ya kwanza tuliyowekeana: mita ya TANESCO (shirika la umeme) haiguswi na lakiri yake haiguswi. Hii tuliiweka mapema kwa sababu siku ya kwanza tu jamaa mmoja alituuliza pembeni kama tunaweza "kumlegezea" mita yake. Hapana kaka, hiyo ni kesi.

Mpango wa awali ni taa. Tumenunua balbu 20 za LED za wati 9 kwa 2,500 moja, jumla 50,000.

22 Februari: taa, tumepata kidogo kuliko tulivyotangaza

Nyumba nyingi zilishabadilisha taa zamani. Zile balbu za moto za zamani tulizikuta chache, na nyingi zipo stoo au chooni ambako zinawaka dakika tano. Ukiitoa ya wati 60 ukaweka ya wati 9 kwenye chumba kinachowaka saa mbili kwa siku unaokoa unit 3 kwa mwezi (unit moja ni wati 1,000 kwa saa nzima), na hizo ni kama buku tu. Palipolipa ni taa za nje, zile za ulinzi zinazowaka kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Hapo balbu ile ile inaokoa unit 18 na ushee, kwa bei ya kawaida inazidi elfu sita kwa mwezi, na balbu yenyewe inajilipa ndani ya wiki mbili.

Kwa hiyo kama unaiga huu mradi nunua balbu tano, sio ishirini, weka nje tu. Sisi tumebaki na boksi la balbu na tunaziuza kwa wanachama kwa bei tuliyonunulia.

1 Machi: risiti ndo ilitakiwa iwe ya kwanza

Hapa ndo tulipogundua kwamba tulianzia mwisho. Tuliwaomba watu watuletee meseji zao za LUKU za miezi mitatu, hatukuomba ile tokeni ya tarakimu 20 peke yake, tulitaka meseji nzima na mistari yote ile ambayo hakuna anayeisoma. Tulikaa nazo jioni moja na kalkuleta na ikawa kama darasa.

Kwanza tarifu, yani kundi la bei. Nyumba za kawaida zinaangukia kwenye makundi mawili. D1 ni ya watumiaji wadogo, unit ni shilingi 100 mpaka unit 75 kwa mwezi, ukivuka 75 kila unit ya ziada inakuwa 350. T1 ni matumizi ya kawaida, unit ni shilingi 292 kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Juu ya hapo kuna VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (ya mdhibiti wa nishati) asilimia 1, jumla 22. Ukizijumlisha, unit ya D1 inakufikia kwa 122 na ya T1 kwa 356 na senti. Ndo maana unasikia watu wa D1 wanakwambia "unit 75 ni 9,150", na wa T1 wakiweka elfu kumi wanapata unit 28 basi.

Sasa ona. Nyumba mbili zimepakana ukuta, zote zinatumia unit 70 kwa mwezi, moja inalipa 8,540 na nyingine inalipa karibu 25,000. Wamama wa nyumba hizo walikuwa wanagombana kimya kimya, huyu wa T1 alishaamini mwenzake kachezea mita. Hakuna aliyechezea kitu, ni tarifu. Huyu wa T1 zamani nyumba ilikuwa na wapangaji wengi na saluni mbele, matumizi yalikuwa makubwa, watu wakahama na saluni ikafungwa, tarifu ikabaki pale pale. Tumemwandikia barua ya kuomba arudishwe D1, ameambatanisha manunuzi yake ya miezi sita, amepeleka ofisini mwenyewe. Matokeo nitaandika.

Na kwa walioko D1, kitu cha kuchunga ni mwezi. Ukiwa umeshanunua 75, unit inayofuata ni 427 ukiweka na makato, yani ghali kuliko hata ya jirani yako wa T1. Mama mmoja alikuwa ananunua za kutosha mwanzo wa mwezi halafu tarehe 28 anaongeza "za akiba", na hizo za akiba ndo zilikuwa zinamla. Angesubiri siku tatu tarehe moja ifike angezipata kwa 122. Kuvuka mara moja moja kwa dharura sio ishu sana, ukivuka mara kwa mara ndo unaweza kujikuta umehamishiwa T1.

Pili kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, ambayo ni 18,000 kwa mwaka. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na usiponunua miezi miwili inakusubiri ikiwa mbili. Ule uvumi wa "tarehe moja wanatoa unit chache" umetoka hapa. Elfu kumi ya T1 ikishatolewa 1,500 inabaki 8,500, unapata unit 23.9 badala ya 28.

Kwenye nyumba za kupanga zenye LUKU moja hii imezaa vituko. Kuna nyumba Igogo wapangaji wanakaa giza tarehe moja usiku wanasubiriana nani anunue kwanza maana wa kwanza ndo anakatwa kodi ya mwenye nyumba. Tulikaa nao pamoja na mama mwenye nyumba, akakubali kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo anayenunua wa kwanza anatuma ile meseji na mwezi huo anapunguziwa 1,500 kwenye kodi ya chumba. Imeandikwa kwenye daftari na imesainiwa, giza la tarehe moja limekwisha.

Gharama ya hatua hii ni shilingi 9,000 za fotokopi za karatasi ya ukurasa mmoja yenye hizo hesabu. Mpaka sasa hakuna kitu tumefanya chenye faida kubwa kuliko hii karatasi.

15 Machi: kupima kwa kile kitaa chekundu

Tulinunua kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi, 38,000 mjini. Kilikuja na miguu miwili ya mviringo, soketi zetu ni za miguu mitatu bapa, tukaweka adapta ya buku mbili. Siku ya pili tukapima hita ya kuchemshia maji ya wati 1,500, baada ya robo saa tukasikia harufu, adapta imeyeyuka upande mmoja na imeacha alama nyeusi kwenye soketi ya mwenye nyumba. Fundi akabadilisha soketi kwa gharama yetu. Kuanzia hapo kipima wati ni cha friji, TV, feni na vitu vidogo tu, adapta imewekwa nzuri, na vitu vya joto tunavipima kwenye mita yenyewe.

Kwenye mita inakuwa hivi. Kila mita ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni imeandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake kikipepesa mara elfu moja, au elfu moja mia sita, imekwenda unit moja. Zima vitu vyote isipokuwa unachotaka kupima, chukua saa ya simu, hesabu mipepeso kumi inachukua sekunde ngapi. Kama mita ni ya 1000 gawanya 36,000 kwa hizo sekunde unapata wati. Ya 1600 gawanya 22,500. Anza kuhesabu "sifuri" kwenye mpepeso wa kwanza, watu wengi wanaanza na "moja" na jibu linatoka kubwa.

Mfano, pasi: mipepeso kumi sekunde 30, hiyo ni wati 1,200. Chaja ya simu iliyoachwa ukutani bila simu: tulikaa tukasubiri mpepeso hata mmoja mpaka tukachoka. Chaja imesafishwa jina lake. Sabufa nayo ikiwa inaongea kwa kiasi inakula kidogo kuliko watu wanavyosema, inayokula ni shingo za majirani.

Shida ilikuja kwa wale wenye mita juu ya nguzo, ndani wana kile kibodi tu cha kuingizia tokeni, kitaa hawakioni. Tulijaribu kusoma kwa kutumia kamera ya simu kutoka chini, jua likatushinda. Dawa yake ni kusoma unit zilizobaki kwenye kibodi, kuwasha kitu saa nzima, halafu kusoma tena. Inachosha lakini jibu linapatikana, ilimradi usimruhusu mtoto awashe TV katikati.

Na jambo la mita kukimbia: kote tulikopima mita ilikubaliana na kipima wati, tofauti ndogo za kuzungumzika tu. Mita hazikimbii, watu hawajui pasi yao ni wati ngapi.

29 Machi: nyumba iliyokuwa haizimi

Hii nairefusha kidogo.

Igogo kule juu, nyumba ya vyumba vinne vya kupanga, LUKU moja. Wanalalamika elfu kumi inakwisha kabla ya wiki na hakuna mwenye friji. Tukazima kila kitu, taa, feni, redio, chaja zote zikatolewa, watu wamesimama kwenye korido wanatuangalia. Kitaa kinaendelea, taa... taa... taa, taratibu lakini bila kukata. Mipepeso kumi, sekunde 170. Mita ya 1000. Hiyo ni wati 212, mchana kweupe, nyumba imezimwa yote.

Fundi akaanza kutoa fyuzi moja moja. Ya tatu ilipotoka kitaa kikasimama. Huo waya unakwenda wapi hakuna anayejua. Tukaufuata kwa macho, umepita juu ya dari, umetokea nyuma ya choo, waya mweupe mwembamba umelazwa juu ya jiwe kubwa, umepandishwa kwenye banda la mbao lililozibwa na mifuko ya salfeti. Ndani vifaranga kama mia hivi wamejikusanya chini ya balbu mbili za wati 100, zile za moto, usiku na mchana.

Mzee mwenye nyumba akatokea. Tukamsalimia, shikamoo mzee, marahaba wanangu, mnatafuta nini kwa kuku wangu? Fundi akamweleza kwa adabu kabisa kwamba banda limeungwa kwenye LUKU ya wapangaji. Mzee akashangaa kweli, akasema aliyemuungia alimwambia ameunga upande wake, na kila mwezi yeye alikuwa anajisifia kwa mkewe kwamba vifaranga havili umeme. Tukapiga hesabu mbele yake: wati 200 kwa saa 24 ni unit 4.8 kwa siku, kwa mwezi 144, na nyumba iko T1, inakuja 51,000 na zaidi. Akakaa chini juu ya jiwe.

Kulikuwa na mpangaji mmoja mdomo mrefu anataka kupeleka kesi mbali, tukamwita balozi wa nyumba kumi, tukaongea. Makubaliano: waya umehamishwa siku ile ile kwenda upande wa mzee, na wapangaji wamesamehewa kodi ya chumba mwezi mmoja kila mtu. Mzee baada ya wiki mbili akaleta jiko la mkaa bandani. Mkaa una moshi na unahitaji mtu wa kuamka usiku, lakini kwa wati 200 mfululizo kwa bei ya T1 nilimwelewa. Tulimshauri apunguze balbu kadiri vifaranga vinavyokua maana baada ya wiki tatu hivi havihitaji joto lile, akasema hilo analijua kuliko sisi, na ni kweli.

Kwa anayeiga: jaribio la kuzima kila kitu fanya la kwanza kabisa ukifika kwenye nyumba. Ni bure na ni dakika tano. Kama fundi hayupo usifuate waya mwenyewe.

12 Aprili: kile kiboksi cha kuokoa umeme

Wanachama walidai tukijaribu kwa sababu kinauzwa barabarani kwa maneno matamu, unachomeka kwenye soketi kinawaka kijani kinapunguza bili nusu. Tumenunua 20,000. Tumepima friji siku nzima bila kiboksi na siku nzima na kiboksi, hakuna kilichobadilika. Fundi akakifungua, ndani kuna kataa ka kijani na kapasita moja. Kapasita inaweza kusaidia kiwandani ambako wanalipia mambo mengine ya umeme, LUKU ya nyumbani inahesabu unit tu, kwa hiyo hakuna cha kuokoa. Kiboksi kilichofunguliwa kipo kwa mweka hazina, ukitaka kununua njoo ukione kwanza.

3 Mei: maji ya kuoga

Baada ya risiti, hiki ndo kikubwa cha pili, na sikukitegemea kwenye mji wa joto kama huu. Watu wanaoga maji ya moto asubuhi, hasa wenye watoto wa shule na wazee, na siku hizi mkaa ni ghali kwa hiyo ile hita ya kuzamisha kwenye ndoo imeingia kila chumba.

Ndoo ya lita 20, kuyatoa maji kwenye ubaridi wa alfajiri mpaka uvuguvugu wa kuogea, inakula nusu unit hivi. Watu watano ni unit mbili na nusu, kila siku, mwezi mzima ni 75. Yani ile mgao wote wa D1 umeishia bafuni hata taa hujawasha! Kwenye T1 ni karibu 27,000.

Tulichojaribu kwanza ni kuwaambia wapunguze maji. Haikufanya kazi, usimwambie mtu mzima aoge nusu ndoo. Tukajaribu wachemshe sufuria dogo wachanganye na ya baridi, watu wakafurahi wakidhani wameokoa, tulipopima ni kile kile, joto linalohitajika kwenye ndoo halibadiliki ukilitengeneza kwa mafungu. Faida ni kwamba hakuna anayezidisha moto halafu akaongeza baridi, na hiyo ni kidogo.

Kilichofanya kazi ni mawe. Huku kwetu nyumba zimekaa katikati ya mawe, na jiwe likipigwa na jua kuanzia asubuhi, ikifika saa tisa mchana huwezi kulikanyaga pekupeku. Tulichukua madumu sita ya lita 20, tukayapaka rangi nyeusi, tukayajaza na kuyalaza juu ya jiwe. Madumu na rangi 25,000. Siku ya jua kali saa kumi na moja jioni maji yanakuwa ya moto kiasi cha kuongezewa baridi. Siku ya mawingu yanakuwa vuguvugu. Siku ya mvua hamna kitu, na tulianza wakati masika bado haijatoka, kwa hiyo wiki ya kwanza watu walitucheka.

Matatizo yalikuwa mawili. Madumu mawili yaliibiwa usiku wa kwanza, tukanunua mnyororo wa 6,000. Kubwa zaidi ni kwamba maji yanakuwa moto jioni na watu wanaoga asubuhi. Tulijaribu kuyafunga madumu kwa blanketi kuukuu na magunia yalale hivyo, alfajiri yanakuwa na uvuguvugu wa mtoto mchanga, watu wazima wengine wakakubali wengine wakakataa. Nyumba iliyofaulu ni ile iliyohamisha watoto waoge jioni kabla ya kulala, asubuhi wananawa uso na miguu tu. Bibi yao alilalamika kwamba watoto wanakwenda shule "bila kuoga", mama mtu akamwambia, "Mama, wameoga jana saa kumi na mbili na hawajalima usiku." Hita pale inawashwa kwa ajili ya bibi peke yake.

Tahadhari ya hita, sio ya bei: usiingize mkono kwenye ndoo ikiwa bado imechomekwa, na mtoto asitumwe kuichomoa. Kwenye nyumba mbili tulikuta waya umechubuka kabisa, fundi alizikata hapo hapo.

17 Mei: sabumita kwenye nyumba ya vyumba sita

Hii nyumba ya Mabatini ilikuwa inagawana LUKU kwa "mwenye friji elfu kumi, wengine elfu tano". Kila mtu alijiona anaonewa, mwenye friji kuliko wote.

Jaribio la kwanza lilikuwa karatasi: kila mtu aandike vitu vyake, wati, na saa anazotumia, tupige asilimia. Lilikufa siku ile ile. Hakuna aliyekiri pasi, na kaka mmoja aliandika TV yake inawaka saa moja kwa siku, korido nzima ikaangua kicheko.

Basi wakachanga wenyewe, mwenye nyumba akaongeza nusu, wakafunga sabumita sita, yani mita ndogo ya kila chumba, 45,000 moja na ufundi pembeni. Mwezi wa kwanza namba zilikataa. Ukijumlisha sabumita zote sita unapata pungufu kuliko unit zilizotoka kwenye LUKU. Sehemu ya hiyo ilikuwa taa ya korido na taa ya nje ambazo hazina sabumita, hiyo tukaielewa na inagawanywa sawa. Ila kuna chumba kimoja cha binti anayefanya kazi hospitali, hayupo nusu ya wiki, sabumita yake inasoma kuliko ya mwenye friji.

Fundi akazima swichi ya chumba cha binti, na kutoka chumba cha pili tukasikia "wee nani kazima, wali wangu!" Rice cooker ya jirani ilikuwa inakula kwenye waya wa binti, soketi za vyumba viwili ziliungwa pamoja tangu nyumba inajengwa. Kuzitenganisha kumechukua nusu siku, kukata ukuta kidogo na mita chache za waya. Kabla hujafunga sabumita zima chumba kimoja kimoja uone nini kinazima kwa jirani, fanya hivyo kabla ya kulipa fundi.

Sasa watu wengi hapa wanachanganya, kwa hiyo naandika wazi: sabumita haipunguzi bei. Inaondoa ugomvi. Nyumba bado ni T1 na kila mmoja analipa 356 kwa unit. Ili bei ishuke kila kaya ingetakiwa LUKU yake na kupangiwa D1, na kuunganisha mjini ni 320,960. Kaya inayotumia unit 60 ingeokoa 14,000 kwa mwezi, kwa hiyo hela inarudi karibu miaka miwili. Kwa mpangaji haina maana, anaweza kuhama mwezi ujao. Kwa mwenye nyumba inaweza kuwa na maana akitangaza "kila chumba LUKU yake", na nimeona vyumba vya hivyo huku vinaondoka haraka.

7 Juni: friji ya bibi wa barafu

Bibi anauza barafu na juisi za mifuko, T1, friji ya zamani inanguruma kutwa. Kipima wati kilikaa masaa 24: unit 3.4. Compressor ilikuwa haipumziki kabisa.

Watu walikuwa wameshamshauri azime usiku. Tulipima na hivyo pia. Asubuhi barafu imelainika, hana cha kuuza mpaka saa saba, na friji ikakimbia mchana wote kufidia, ikaokoa robo unit tu. Ushauri huu uacheni kwa mwenye friji ya biashara.

Ugonjwa ulikuwa kwenye mpira wa mlango. Unaweka noti ya buku kwenye mlango unafunga unaivuta, ikitoka bila kukaza mpira umekwisha, kwake ilidondoka yenyewe. Mpira mpya na kuufunga 25,000, alilipa mwenyewe. Tukayeyusha ule ukuta wa barafu uliokuwa ndani, marufuku kutumia kisu, nyumba ya jirani mtu alitoboa gesi ya friji hivyo. Tukaisogeza friji mbali na ukuta kiganja kizima na tukahamisha jiko la mkaa lililokuwa limekaa ubavuni kwake. Vipimo vya baadaye: unit 2.1. Inaokoa karibu 13,900 kwa mwezi, mpira umejilipa ndani ya miezi miwili.

Halafu bibi akauliza swali ambalo hakuna mwanachama aliyewahi kuuliza: kwa hiyo kwa siku friji inanidai shilingi ngapi? Kama 750. Akanyamaza akahesabu vidole, akapandisha mfuko mkubwa wa barafu kwa shilingi hamsini.

21 Juni: pesa mpaka leo, na kinachofuata

Balbu 50,000, kipima wati 38,000, fotokopi 9,000, kiboksi 20,000, madumu na rangi 25,000, mnyororo 6,000, nauli na chakula cha fundi pamoja na ile soketi iliyoungua 40,000. Jumla 188,000, imebaki 62,000 na balbu kadhaa hazijauzwa.

Yule mama wa T1 amejibiwa, amerudishwa D1, manunuzi yake ya kwanza alipiga simu kwanza akidhani mashine imekosea. Wengine wawili wameandika barua, wanasubiri.

Kinachofuata ni jiko la presha la umeme. Tumeazima moja, maharage kilo moja yaliyolowekwa usiku yameiva kwa nusu unit, kwa T1 ni kama 180 na kwa D1 ni 61, wakati mkaa wa maharage hayo hayo hauko chini ya buku. Tatizo ni ugali, kwenye kile kisufuria familia ya watu saba haisongi, na akina mama wamesema wazi hawanunui jiko la maharage tu. Tutajaribu na makande na nyama ngumu mwezi wa saba, kwa nyumba za D1 peke yake na tuhakikishe hawavuki 75. Anayetaka kuazima kipima wati awe na soketi nzima nyumbani kwake, na kwenye hita hakitumiki.